Staftahi ya Wazee Wawili wa Shauri Moyo

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema lolote kuhusu mwenyeji anayegeuka mgeni katika mtaa wake mwenyewe. Hiyo ndiyo hali iliyowafika wazee wawili, mume na mkewe, wakazi wa Shauri Moyo jijini Nairobi, ambao kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Gikomba, hufunga mlango wa chumba chao na kutoka kwenda kutafuta chai.

Si kwamba chumbani mwao hamna moto. Jiko lipo, sufuria zipo, na majani ya chai yamo katika kopo lile lile ambalo limekaa rafuni tangu watoto wao wakiwa wadogo. Maziwa hununuliwa kila jioni. Kwa hivyo, jirani aliyewaona wakipita asubuhi ile ya kwanza alikuwa na haki ya kujiuliza: watu wenye jiko huenda kununua chai kwa nini? Swali hilo ni dogo, lakini jibu lake limebeba miaka mingi ya ndoa.

Shauri Moyo ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya upande wa mashariki wa Nairobi. Ulijengwa na serikali ya manispaa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na baadhi ya wakazi wake wakahitaji mahali pa kuhamia. Jirani zake ni Pumwani na soko la Gikomba; ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, ambayo enzi za ukoloni iliitwa Doonholm, ni Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940. Jina lenyewe si la Nairobi pekee. Dar es Salaam ina Shauri Moyo yake, na Unguja kadhalika. Shauri ni nasaha, na shauri pia ni jambo linalomhusu mtu. Ndiyo maana anayeambiwa "shauri lako" huwa ameachiwa mzigo wake aubebe mwenyewe. Anayeambiwa "shauri moyo" ameachiwa moyo wake uamue. Wenyeji hulitamka jina hili mara kumi kwa siku bila kulifikiria, na wazee hawa nao hawakuwahi kulifikiria.

Mume alikuwa mpangaji herufi katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa, Eneo la Viwanda. Alianza kazi hiyo wakati maneno yalipokuwa bado yakipangwa kwa herufi za risasi, moja baada ya nyingine, huku yakisomwa kinyumenyume. Kompyuta zilipoingia alifundishwa upya, akabaki kazini hadi umri wa kustaafu. Kazi ile ilimwachia tabia ya kusoma kila kilichoandikwa na kukisahihisha kimoyomoyo: vibao vya maduka, migongo ya matatu, matangazo ya mazishi yaliyobandikwa ukutani. Herufi iliyokosewa humkera kama jiwe ndani ya kiatu.

Mke aliuza maandazi. Kwa muda wa miaka 26 alikaa kando ya njia wanayopita wafanyakazi waendao Gikomba na Kamukunji, mbele yake beseni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na ilipofika saa mbili za asubuhi beseni lilikuwa tupu. Mshahara wa mume ulilipa kodi ya nyumba na chakula. Maandazi yalilipa karo ya watoto wanne. Jambo hilo lilijulikana nyumbani, ingawa halikuwahi kutamkwa waziwazi. Watoto walisoma, wakakua, wakaondoka, kila mmoja akaenda alikoitiwa na riziki yake.

Kisha mikono ikagoma. Vifundo vya vidole vya mama vilianza kuvimba, kwanza katika baridi ya mwezi wa Julai, baadaye mwaka mzima. Daktari alimweleza kuwa ni maradhi ya viungo, akampa dawa za kutuliza maumivu na kumshauri aache kazi ya kukanda. Beseni likapandishwa juu ya kabati. Hata hivyo, Jumamosi na Jumapili aliendelea kukanda unga kidogo wa kuwatosha watu wawili, kwani mumewe alizoea maandazi ya asubuhi, naye hakutaka kuiona nyumba yake ikila mkate wa dukani siku za mapumziko.

Jumamosi moja mume aliamka akamkuta amesimama mbele ya bakuli, mikono imezama ndani ya unga, haisongi. Hakulia wala hakulalamika. Alisimama tu, kama abiria aliyeambiwa kuwa gari analolingoja halitafika. Mume alisema maneno ambayo hakuwa ameyapanga:

"Mama, acha. Leo tutakunywa chai nje."

"Nje wapi, mzee?"

"Nje. Kwani vibanda vimekosekana?"

Mama alinawa mikono polepole, akavaa koti lake la kanisani, kwa sababu hakuwa na vazi jingine la kwendea mahali asipopajua.

Kwa watu wa rika lao jambo hili halikuwa jepesi. Mwanamume mwenye mke hanywi chai kibandani siku ya Jumamosi. Anayefanya hivyo ni kapera, ni msafiri, au ni mtu aliyekosana na nyumba yake. Naye mke anayeketi kibandani akaandaliwa chai huulizwa, ikiwa si kwa kinywa basi kwa macho, ni nini kilichomshinda. Ndiyo maana asubuhi ile mzee alipita njia ya nyuma, na alipofika alichagua kiti kilichoelekea ukutani.

Kibanda hicho cha kwanza kilikuwa karibu na soko la Burma, soko linalosifika kwa nyama. Jina lake ni la nchi ya mbali ya Asia ambako wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hapo asubuhi huanza kwa supu ya mifupa iliyochemka tangu usiku, chumvi na pilipili zikiwa mezani, na chapati iliyokunjwa mara nne juu ya sahani ya bati. Wachinjaji na wachukuzi hula wakiwa wamesimama, wakapangusa midomo na kurudi kazini. Mzee alikunywa supu yake kwa haraka. Mama hakujua afanye nini na mikono yake. Alikusanya vikombe, akaanza kufuta meza kwa kitambaa alichokikuta hapo, hadi kijana wa kibanda alipomzuia kwa upole.

"Wacha tu, mama. Hiyo ni kazi yangu."

Akaiweka mikono mapajani, akatulia kama mwanafunzi. Supu mbili, chapati mbili na chai mbili ziligharimu shilingi 180. Njiani kurudi hawakuzungumza sana, lakini walipofika mlangoni mama alisema, kama anayejisemea, "Sikumbuki mara ya mwisho niliyoketi nikaletewa chai." Mzee aliyasikia maneno hayo. Jumamosi iliyofuata ndiye aliyechukua kofia yake kwanza.

Hivyo ndivyo walivyoanza kuzunguka. Juma la pili walivuka hadi Majengo, Pumwani, ambako Kiswahili kina lafudhi ya watu walioishi humo tangu miaka ya 1920, na ambako wazee hutoka Msikiti wa Riyadha baada ya sala ya alfajiri wakasimama kwa muuza kahawa. Humo walikula mahamri kwa mbaazi za nazi. Mama aliyapasua mahamri yale, akatazama ndani, akanusa, akasema kwamba hayo ni kazi ya mtu anayejua hamira. Juma la tatu lilikuwa la Kaloleni: uji wa wimbi, viazi vitamu na nduma, karibu na uwanja wa michezo ambamo mzee, katika ujana wake, alipigia kelele timu ambazo nyingine hazipo tena. Juma la nne walifika kingo za Gikomba, kwenye chai ya wasukuma mikokoteni, tamu kupita kiasi, kwa kuwa anayesukuma mkokoteni hunywa sukari ili apate nguvu za kupandia mlima.

Mzee alianza kuyafurahia matembezi hayo kwa sababu nyingine iliyomstahiki. Kila kibanda kilikuwa na maandishi. Kimoja kilionya kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, lakini mchoraji alikuwa ameibadilisha herufi moja, matanga yakawa matunga. Mzee alimwita mwenye kibanda pembeni, akamweleza kuwa matunga ni vikapu, na kwamba kwa mujibu wa ubao wake mdeni halipi kilio bali analipa kwa vyombo. Mwenye kibanda alicheka hadi akashika mbavu, akaahidi kuirekebisha, na hadi leo hajairekebisha.

Aidha, mzee aligundua mambo kuhusu maneno yanayokaa mezani kila asubuhi bila kuangaliwa. Mkahawa, kwa mfano, ni jina lililotokana na kahawa, ilhali katika mikahawa ya Nairobi kinachoagizwa zaidi ni chai. Kahawa yenyewe huuzwa barazani, nje ya mkahawa. Hoteli, ambayo kwa wageni ni jumba la kulala, kwa mkazi wa Shauri Moyo ni banda la kulia. Birika, sukari na kahawa ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Chapati ni neno la Kihindi. Uji na maziwa ni ya Kibantu. Mtu anayekula staftahi yake kwa amani katika kibanda cha mabati huwa ameketi na Waarabu, Wahindi na Wabantu kwa wakati mmoja, na hakuna anayemwuliza mwenziwe kitambulisho.

Hata chai, inayodhaniwa kuwa ya mababu, ni mgeni aliyezoeleka. Mbegu zake za kwanza nchini zilipandwa Limuru mwaka 1903, miaka minne tu baada ya reli kufika Nairobi. Baba yake mzee huyu alizaliwa katika nyumba isiyojua chai.

Siku moja alimwuliza mkewe ni jina lipi alipendalo zaidi kwa mlo wa asubuhi. Kuna staftahi, alimweleza, ambalo kwa asili ya Kiarabu lina maana ya kufungua; kuna kifungua kinywa, wasemavyo wengi Tanzania; na kuna kiamshakinywa, lililozoeleka katika shule za Kenya. Mama alifikiri kidogo.

"Sisi tuliita chai," alisema. "Mtu akikuuliza kama umekunywa chai, anataka kujua kama umekula."

Mzee, ambaye alikuwa amepanga herufi za maneno hayo matatu kwa miaka mingi, aliona kwamba neno la mkewe ndilo linalotumika Shauri Moyo, na akanyamaza.

Wanaovipita vibanda kwa magari huviona kama aibu ya jiji. Anayeketi ndani yake huona jambo tofauti. Nairobi ilijengwa na watu walioishi chumba kimoja, wakaamka kabla ya jua na kutembea kwa miguu hadi kazini. Mtu wa namna hiyo hana muda wa kuwasha makaa alfajiri. Lazima mwingine awe ameamka mapema zaidi ili yeye apate chai moto njiani. Kwa shilingi 20 za kikombe cha chai hupata pia benchi, kivuli, habari za vibarua, na mtu atakayeuliza asipoonekana kwa siku tatu. Kiwanda kinategemea mfanyakazi, na mfanyakazi anamtegemea mama mwenye sufuria kando ya njia. Mzee alikuwa ameajiriwa kiwandani maisha yake yote, na alikuwa ameoana na mama mwenye sufuria, lakini hakuwahi kuziona pande hizi mbili kuwa kitu kimoja.

Jumamosi ya saba iliwafikisha kwenye kibanda kilicho katikati ya safu za nyumba, mwendo wa dakika tano tu kutoka kwao. Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto aliyelala ndani ya kreti lililotandikwa blanketi. Maandazi yake yalikuwa mekundu, manene, yenye pembe tatu. Mzee alikula moja, akala la pili. Alikuwa amemwona mkewe akitabasamu kwa majuma sita, na alitaka kumpa faraja ambayo aliamini ilikuwa imebaki. Akamgeukia, akasema kwa sauti ya furaha:

"Mama, sasa unaweza kupumzika kabisa. Haya hayana tofauti na yako."

Mama alilirudisha andazi lake kwenye sahani. Hakuligusa tena. Walilipa, wakarudi nyumbani, na siku ile ikapita, na Jumapili ikapita, kukiwa na maneno ya lazima tu kati yao: chumvi, ufunguo, maji. Mzee hakuelewa kosa lake. Alikuwa amekusudia kumtua mzigo. Jumatatu jioni, wakiwa wameketi bila kuwasha taa, mama alimjibu.

"Kama hayana tofauti, mzee, mimi nilikuwa nikiamka kwa nini?"

Mzee alitafuta neno. Mtu aliyeishi kwa kupanga maneno alikosa hata moja la kupanga. Kwa muda mrefu alikuwa amedhani kwamba mkewe anauguza vidole. Sasa aliona kwamba vidole vilikuwa sehemu ndogo ya maumivu. Mtu akiondolewa kazi iliyomchosha huenda akashukuru. Akiambiwa kwamba kazi ile ingefanywa na yeyote, amenyang'anywa miaka yake. Naye ndiye aliyeyatamka hayo, kwa upendo, kinywa kikiwa kimejaa andazi.

Jumamosi ya nane alihofia kwamba mama hatatoka. Lakini mama aliamka, akajitanda leso badala ya koti la kanisani, akasimama mlangoni.

"Twende kwa yule msichana."

Walipofika hakuketi kwenye benchi. Alivuta kigoda hadi karibu na jiko, akatazama karai kwa muda. Msichana aliona haya, akafikiri amekosea kitu.

"Binti," mama alisema, "mafuta yako hayajashika moto. Ndiyo maana maandazi yanakunywa. Kata kipande kidogo cha unga ukitumbukize. Kikizama kikakaa, ngoja. Kikizama na kuibuka papo hapo, hapo ndipo."

Msichana alijaribu. Kipande kilizama, kikakaa. Akangoja. Cha pili kiliibuka.

"Na hamira umezidisha, nimeisikia ulimini juma lililopita. Iliki usiimwage nzima. Itwange pamoja na sukari ndipo iingie unga wote. Maziwa yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Na unga ukishaukanda ufunike, uuache ulale. Unga ni kama mtoto. Ukiamshwa kabla ya wakati hukasirika."

"Kumbe nawe ulikuwa ukipika, mama?"

"Kidogo," alisema mama.

Mzee, aliyekuwa akisikiliza kutoka benchini, alikaribia kupaliwa na chai. Msichana hakuwa mpumbavu. Kabla hawajaondoka alimwomba mama aje mapema zaidi Jumamosi ijayo, kabla ya wateja, amwonyeshe tangu mwanzo. Mama alikubali bila kumtazama mumewe.

Mapema kulimaanisha kuondoka nyumbani saa kumi na nusu za usiku. Mzee angeweza kubaki kitandani, lakini gizani njia haimfai mtu mzima kuipita peke yake. Akachukua tochi na fimbo, wakaenda. Na hapo ndipo, katika mwanga wa balbu moja iliyoning'inia kwa waya, alipoiona kazi ambayo hakuwahi kuiona.

Aliona unga ukichekechwa na kufanyiwa shimo katikati. Aliona maziwa yakimiminwa kidogo kidogo, na msichana akikanda kwa uzito wa mabega yake yote, mama akiwa pembeni, vidole vyake vilivyovimba vikionyesha bila kugusa: sukuma, kunja, geuza, sukuma. Jasho lilimtoka msichana ingawa alfajiri ilikuwa ya baridi. Aliona unga ukifunikwa, makaa yakipepewa, karai likitelekwa. Aliona donge likisukumwa na kukatwa, vipande vikilazwa juu ya ubao ulionyunyizwa unga, kisha vikiteremshwa mmoja mmoja kwenye mafuta yanayoruka na kuchoma mkono. Aliona mwiko wa matundu ukigeuza, ukiopoa, ukirudi. Saa nzima na nusu ilipita kabla ya andazi la kwanza kufika kwenye sinia.

Alikuwa amekula maandazi ya mkewe kwa miaka 26. Alikuwa akiamka saa kumi na mbili na kuyakuta tayari chini ya kitambaa, pamoja na kikombe chake, kana kwamba yalimea humo usiku. Akiwa benchini alianza kupiga hesabu, kwa kuwa mpangaji herufi hupenda kujua idadi. Mama alikanda kilo 4 za unga kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Hizo ni kilo 1,200 kila mwaka. Kwa miaka 26 ni kilo 31,200. Zaidi ya tani 31 za unga zilikuwa zimepita chini ya viganja vile viwili, katika chumba alichokuwa amelala, hatua tatu kutoka kitandani mwake.

Mama alimletea andazi la kwanza kwenye sahani. Mzee hakusema lolote kuhusu ladha yake. Hilo alikuwa ameshajifunza.

"Enzi zile," aliuliza, "ulikuwa ukiamka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Kwa nini hukuwahi kuniamsha?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumwamsha mtoto mchanga.

"Ungefanya nini, mzee?"

Swali hilo lilibaki mezani. Baada ya muda mzee aliinuka, akavua koti, akaenda kushika upande mmoja wa sufuria kubwa ya chai ambayo msichana alikuwa akijaribu kuiteremsha peke yake. Siku hizi hiyo ndiyo kazi yake ya Jumamosi. Huteremsha sufuria, hupepea makaa, na wateja wanapoanza kufika huketi pembeni na mtoto wa msichana magotini, akimsomea maandishi ya kwenye mfuko wa unga.

Matembezi ya vibanda hayakukoma. Jumapili baada ya ibada bado huenda Majengo au Kaloleni, na mzee ana orodha ya mahali wasipofika bado. Mama hupasua kila andazi na kutazama ndani yake, sasa bila huzuni, kwa jicho la mtaalamu aliyestaafu kwa heshima. Vidole havijapona, wala daktari hakuahidi kuwa vitapona. Hata kibanda chenyewe hakina uhakika. Mwaka 2018 Shauri Moyo ulitajwa miongoni mwa maeneo ya Nairobi ya kujengwa nyumba mpya za bei nafuu, na tangu hapo wenye vibanda husikiliza kila uvumi kwa masikio mawili. Nyumba mpya ni jambo jema kwa mwenye chumba kinachovuja. Lakini ramani za nyumba hupangwa na watu wa mchana, na kazi ya saa tisa za usiku haionekani kwa urahisi katika ramani. Iliweza kukosa kuonekana hata kwa mtu aliyelala hatua tatu kando yake.

Jumamosi ya hivi karibuni, kulipopambazuka na foleni ya kwanza ikaisha, mzee alitoa shilingi 80 za chai mbili na maandazi manne. Msichana alikunja mikono nyuma.

"Nyinyi siwezi kuwalipisha, mzee. Mama ndiye mwalimu wangu."

Mama alizichukua sarafu kutoka kwa mumewe, akazitia mwenyewe ndani ya kopo la pesa, moja baada ya nyingine, kwa vidole vyake vizito.

"Maandazi huuzwa, binti," alisema. "Ukianza kuyagawa bure, karo ya huyu mtoto italipwa na nani?"